Barua ya wazi kwa bodi na uongozi wa hospitali yetu ya rufaa: kumlisha mgonjwa ni kazi ya nani?

Kwa:
Mwenyekiti wa Bodi ya Hospitali
Mganga Mfawidhi
Muuguzi Mfawidhi

Waheshimiwa,

YAH: WAGONJWA WA WODI ZA WATU WAZIMA KULISHWA KWA KUBAHATISHA

Husikeni na somo hapo juu. Hii ni barua yangu ya pili. Ya kwanza niliileta masjala kwa mkono wangu, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, nikabaki na nakala. Miezi mitano imepita. Katikati hapo nimepiga simu mara tatu. Mara ya kwanza faili lilikuwa kwa katibu, mara ya pili katibu alikuwa semina, mara ya tatu nikaambiwa, "Linafanyiwa kazi, dada." Karatasi mbili nilizotumbukiza kwenye sanduku la maoni nazo sijui ziliishia wapi. Nilipopita hapo mwezi jana kufuli la sanduku lilikuwa limeshika kutu. Basi nimeona niandike mahali ambapo kila mtu atasoma.

Hospitali sitaitaja jina. Ninyi mnaijua, na waliolaza watu wao pale wataijua kabla hawajafika katikati ya barua. Nikiitaja, naelewa mzigo utamwangukia nani: sista wa zamu ya usiku, mwenye wodi nzima mabegani na msaidizi mmoja. Huyo sina ugomvi naye hata kidogo. Usiku wa tatu alinipa kiti chake, yeye akaandika ripoti akiwa amesimama.

Mimi si mtu wa afya. Ni mhasibu wa chama cha ushirika, kazi yangu ni kuandika kilichoingia na kilichotoka. Baba alipolazwa kwa kiharusi nilifanya ninachokijua: nilinunua daftari la kaunta, nikachora mistari, nikaanza kuandika kila kinachoingia mwilini mwake. Ukurasa wa siku ya nne unasomeka hivi: "Saa 1 asubuhi, uji mililita 200. Saa 7 mchana, uji 250. Saa 11 jioni, uji 200, maji 100. Saa 3 usiku, hakuna. Mpira umeziba."

Kurasa za namna hiyo ninazo 23.

Wiki mbili kabla ya kuugua, kadi yake ya kliniki ya presha ilionyesha kilo 62. Siku tuliyomrudisha nyumbani nilitaka kujua amebaki na ngapi, na wodini hakukuwa na wa kunijibu. Tukampitisha ghalani kwetu. Kaka alimbeba mgongoni, wakapanda pamoja kwenye mzani wa magunia, kisha tukatoa uzito wa kaka. Kilo 55. Kilo saba zilikuwa zimeondoka ndani ya siku 23, akiwa kitandani, chini ya uangalizi wa daktari, na sisi watoto wake tukipishana getini na mahotipoti.

Baba alifariki wiki ya sita baada ya kutoka. Sitasema njaa ndiyo iliyomuua. Kiharusi kilikuwa kikubwa na madaktari walitueleza hivyo tangu siku ya kwanza, tunawashukuru kwa ukweli huo. Ninachosema ni kwamba alipigana na ugonjwa mzito huku akipata robo ya chakula anachohitaji, na katika siku zote hizo hakuna hata mmoja aliyekuwa na kazi ya kuliona hilo. Hakuna aliyekataa kumlisha. Daktari alidhani nesi analisimamia, nesi alidhani ndugu wanajua, na sisi ndugu tulidhani mpira ukishaingia puani basi hospitali imelishika jambo lenyewe.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mgonjwa mtu mzima hapimwi uzito.

Faili la baba lina presha, mapigo, joto na sukari, vimeandikwa kwa saa, kwa mwandiko wa watu tofauti. Penye uzito pana kistari. Kistari hicho kimekaa hapo siku 23. Nilipouliza niliambiwa hawezi kusimama. Ni kweli, hakuweza. Lakini hatua chache kutoka hapo, wodi ya watoto, kila mtoto anayeingia anazungushiwa mkono ule utepe wa rangi, na ukisoma chini ya sentimita 11.5, dalili ya utapiamlo mkali, kila mtu pale anajua la kufanya. Mkono wa mtu mzima nao hupimika kwa utepe, na haumtaki asimame. Na asiyeweza kupimwa anaweza kuulizwa, au ndugu zake wakaulizwa: amepungua? Nguo zinamvaa? Ni siku ngapi hajala vizuri? Maswali hayo hayahitaji mashine.

Nikasema nisome, nijue kama tatizo ni letu peke yetu. Kumbe mwaka 1974 daktari mmoja wa Alabama, Marekani, Charles Butterworth, aliwaandikia wenzake akiwasema kwa mambo haya: wagonjwa hawaandikwi urefu wala uzito, wanaachwa siku nyingi na maji ya glukosi na chumvi, wananyimwa mlo kwa sababu ya vipimo, na wajibu wa kuwalisha umetawanywa hadi hauna mwenyewe. Niliisoma orodha ile nikadhani alilazwa wodi yetu.

Miaka 20 baadaye, 1994, watafiti wa Dundee, Scotland, walipima wagonjwa 500 waliokuwa wanalazwa. Mia mbili kati yao walifika tayari wakiwa na upungufu wa lishe. Waliopimwa tena wakati wa kutoka walikuwa wamepungua kwa wastani wa asilimia 5.4 ya uzito wao. Kumi tu ndio waliokuwa wamepelekwa kwa ajili ya msaada wa lishe, na hao kumi waliongezeka kwa wastani wa asilimia 7.9. Kumi ni wachache, mhasibu yeyote atawaambia hivyo. Lakini walilala kwenye wodi zilezile na wenzao waliokuwa wakikonda.

2. Mpira wa kulishia unawekwa bila maelekezo.

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo daftari langu lilipojaa.

Siku ya pili baba aliwekewa mpira puani kwa sababu kumeza kulimshinda, alikuwa anapaliwa hata na mate. Aliyeuweka aliuweka vizuri. Akatupa bomba kubwa la sindano, akasema, "Mleteeni uji mwepesi, mumlishe kila baada ya saa kadhaa," akaenda kwa mgonjwa mwingine. Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yetu yote. Uji wa nini? Kiasi gani? Saa kadhaa ni ngapi? Mgonjwa alale vipi? Nani wa usiku, wakati mlinzi anatutoa jioni?

Mama akapika uji alioujua, mzito, wa ulezi na karanga, na maziwa ndani. Ukaziba mpira. Ukatolewa, akawekewa mwingine, akatokwa na damu puani. Mara ya pili mama akachuja. Ukaziba tena. Mara ya tatu, kwa woga, akaupika mwepesi kama maji ya mchele, na huo haukuziba. Tukashukuru Mungu, tukaendelea nao hadi mwisho.

Nilikuja kuupigia hesabu baadaye, na hesabu hiyo ndiyo inayoninyima usingizi. Lita moja ya uji ule ilikuwa na unga wa gramu 60 hivi, vijiko vichache vya sukari na kikombe cha maziwa. Ni kama kilokalori 500. Baba alikuwa anapata mililita 800 siku mpira ukiwa mzima, yaani kilokalori 400. Kipimo kinachotumika sana hospitalini ni kilokalori 25 hadi 30 kwa kila kilo ya mgonjwa kwa siku. Kwa kilo zake 62, alihitaji kati ya 1,550 na 1,860. Tulikuwa tunamjaza tumbo maji yenye rangi ya uji, huku tukiandika "amekula".

Waheshimiwa, dawa ya uji mzito unaoziba mpira ipo nchini mwetu, na ni ya zamani. Inaitwa kimea. Ulezi unalowekwa, unaachwa uchipue, unakaushwa, unasagwa. Chukua uji mzito, uache upoe kidogo uwe wa vuguvugu, koroga kijiko cha unga wa kimea, na ndani ya dakika chache uji unalegea wenyewe bila kuongezwa tone la maji. Chakula kinabaki kilekile, kilicholegea ni wanga. Kisha unauchemsha tena kuua vijidudu, unachuja, unalisha. Wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania walilifanyia kazi jambo hili miaka ya 1980 kwa ajili ya uji wa watoto. Kina mama wanaopika pombe ya kienyeji wanakijua kimea kuliko mimi na ninyi. Mama yangu mwenyewe alikipika ujana wake! Alikosa mtu wa kumwambia, "Mama, tumia kile."

Mambo mengine tuliyajifunza kwa kumuumiza mgonjwa. Siku ya tisa shemeji alimlisha akiwa amelala chali. Baba akakohoa hadi akawa wa bluu midomoni, na siku mbili baadaye tukaambiwa ana nimonia. Hakuna aliyemwambia shemeji kwamba kichwa na kifua viinuliwe, wala kwamba kabla ya kila mlo ahakikishe mpira bado upo tumboni. Hakuna aliyetuambia kwamba uji uliopikwa saa 10 alfajiri haufai kulishwa saa 8 mchana kutoka chupa ileile. Tulikuwa watu wazima sita wenye akili timamu, tukifanya kazi ya ufundi bila fundi.

3. Dripu inahesabiwa kuwa chakula.

"Msiwe na wasiwasi, ametundikiwa dripu." Sentensi hii niliisikia kila siku, kwa baba na kwa majirani zake, na sisi ndugu ndio wa kwanza kuipenda. Lita moja ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 50 za sukari. Hiyo ni takribani kilokalori 200, na protini ndani yake ni sifuri. Ukimtundikia mgonjwa lita mbili kwa siku umempa kitu kinachokaribia maandazi mawili, bila chai. Dripu hutibu upungufu wa maji na hupitisha dawa, kwa hilo tunaishukuru. Ila kidonda cha kulalia kilichomtokea baba kiunoni siku ya 15 kilihitaji protini ili kifunge, na hakikupata.

4. Wagonjwa wanaosubiri upasuaji wanafungishwa bila hesabu.

Kitanda cha jirani alikuwepo kijana wa bodaboda, amevunjika paja, mguu umening'inizwa kwa uzito. Jumapili usiku akaambiwa, "Usile, kesho unaingia thieta." Jumatatu saa 10 jioni akaambiwa haiwezekani, imeingia dharura ya uzazi. Sawa kabisa, mama mwenye uzazi pingamizi atangulie, hakuna mwenye akili anayebisha. Jumatano akafungishwa tena, ikaahirishwa tena. Ijumaa vilevile. Siku tatu ndani ya tano kijana alishinda njaa hadi jioni. Mama yake alikuwa anarudi nyumbani na hotipoti haijafunguliwa, akitembea polepole kama aliyetoka msibani.

Kilichokosekana pale ni mtu wa kusema saa 6 mchana, "Wewe leo huingii, kula." Na kilikosekana kingine: wataalamu wa usingizi Ulaya siku hizi wanaruhusu chakula hadi zibaki saa sita kabla ya upasuaji na maji matupu hadi zibaki saa mbili, kwa mgonjwa asiye na tatizo maalumu. Kwetu bado ni "usile wala usinywe" tangu usiku, hata kwa aliye wa mwisho kwenye orodha.

5. Asiye na ndugu.

Kona ya dirishani alikuwepo mzee asiyejulikana kwao. Aliokotwa stendi. Alikula alichogaiwa na ndugu za wengine, siku wakikumbuka. Jumapili alikula mara nne kwa sababu watu wa kanisani walikuja. Jumanne hakula. Zaidi ya hapo sina la kuongeza kwenye namba hii.

Sasa najua mtakayonijibu, maana mengine nimeshajibiwa kwa mdomo kwenye korido.

Mtasema ushahidi uko wapi kwamba kulisha kwa mpango kunabadili chochote, mgonjwa mahututi ni mahututi. Mwaka 2019 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti ulioongozwa na Philipp Schuetz, katika hospitali 8 za Uswisi. Wagonjwa 2,088 waliokuwa hatarini kwa lishe waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walikula chakula cha kawaida cha hospitali, na tukumbuke hicho ni chakula cha kawaida cha Uswisi. Nusu nyingine kila mmoja aliwekewa lengo lake la kilokalori na protini, mtaalamu wa lishe akamfuatilia hadi alifikie. Ndani ya siku 30, kundi la kwanza walikufa 100, kundi la pili 73. Mimi hesabu ni kazi yangu, na tofauti ya watu 27 siwezi kuiita ndogo.

Nisiwadanganye pia. Si kila mgonjwa anafaidika. Utafiti mkubwa wa wagonjwa wa kiharusi uliotoka mwaka 2005 ulionyesha kwamba kumwongezea virutubisho kila mtu, hata anayekula na kushiba, hakukuokoa maisha. Ndiyo maana siwaombi mgawe makopo ya maziwa wodi nzima. Naomba awepo wa kumtambua mwenye hatari, amshughulikie huyo.

Mtasema wagonjwa wetu wanafika wamechelewa, wamekwisha konda. Hapo ndipo timu inapohitajika zaidi, maana aliyekaa na njaa siku nyingi ukimlisha ghafla kwa wingi unaweza kumuua. Fosfeti na potasiamu kwenye damu vinashuka, moyo unayumba. Madaktari waliliona hilo kwa wafungwa walioachiwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mgonjwa wa hivyo anaanzishwa kidogo kidogo, anapewa vitamini B1 mapema, damu inapimwa, kiwango kinapandishwa siku hadi siku. Mama yangu na hotipoti lake hawezi kuyajua hayo. Wala nesi mwenye wodi nzima hawezi kuyakumbuka saa 8 usiku kama hayakuandikwa popote.

Mtasema hamna wataalamu. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro kinatoa wahitimu wa shahada ya lishe ya binadamu. Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973, ina umri kunizidi. Na hospitali yenyewe ina afisa lishe, nilimwona kwa macho. Ofisi yake iko jengo la kliniki ya mama na mtoto na anafanya kazi nzuri sana huko. Nilipomwendea alisikitika, akaja siku ya 19, akatueleza kwa dakika 15 mambo ambayo yangetufaa siku ya pili. Akaniambia wodi ya wanaume haimo kwenye majukumu aliyopangiwa. Alikuja kwa hisani yake.

Mtasema bajeti. Tangu wakuu wa mikoa waliposaini Mkataba wa Lishe Desemba 2017, kila halmashauri inatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Ni jambo jema na naomba liendelee. Mzee wa miaka 71 hayumo kwenye hesabu hiyo, naelewa. Lakini tazameni matumizi yenu kwa mgonjwa huyu mmoja: dawa za nimonia siku 7, vifaa vya kusafisha kidonda kila siku, mipira ya puani minne badala ya mmoja, na kitanda kilichokaliwa muda wote huo. Hizo zote zililipwa, nyingine na bima, nyingine na sisi kwenye dirisha la dawa. Utepe, mzani na karatasi ya maelekezo vingegharimu nini mbele ya hayo? Unga wa kimea tungejiletea wenyewe.

Na mtasema, kwa utamaduni wetu, ndugu ndio wanaolisha. Ni kweli, na sitaki ukome. Baba alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo kila alipoisikia sauti ya mama na kikombe. Ila ndugu hatuandiki dawa, hatujiwekei dripu, na hakuna anayetuambia "leteni antibayotiki mnayoijua". Kwenye chakula cha mgonjwa asiyeweza kumeza mnatuachia kila kitu.

Ninachoomba ni hiki:

(a) Iundwe timu ya lishe ya hospitali, kwa barua rasmi yenye majina: daktari mmoja, muuguzi mmoja, afisa lishe, mfamasia. Si lazima waajiriwe wapya. Wapangiwe siku mbili kwa wiki za kupita wodi za watu wazima, na afisa lishe aandikiwe wodi hizo kwenye majukumu yake.

(b) Kila anayelazwa apimwe uzito au mzunguko wa mkono na kuulizwa yale maswali ndani ya saa 24, iandikwe kwenye faili, irudiwe kila wiki. Kile kistari kikome.

(c) Kila mpira wa kulishia utolewe pamoja na karatasi moja ya Kiswahili: mapishi, kiasi kwa mlo, saa za kulisha, mkao wa mgonjwa, namna ya kuhakikisha na kusafisha mpira, na dalili za kumwita nesi. Na ndugu afanye mara moja mbele ya nesi kabla hajaachiwa. Wodi ya watoto hufanya hivyo na maziwa ya F-75, yale ya tiba ya watoto wenye utapiamlo mkali, kila baada ya saa chache, usiku na mchana, na akina mama wasiojua kusoma wanaweza.

(d) Ndugu mmoja wa mgonjwa mwenye mpira apewe kibali cha kuingia usiku, au mlo wa usiku uwe wa zamu ya hospitali. Kimojawapo.

(e) Chumba cha upasuaji kitoe taarifa wodini ifikapo saa 6 mchana, nani haingii leo, ili ale.

(f) Jiko la hospitali litoe walau milo mitatu kwa wasio na ndugu, na atajwe anayehakikisha imefika kitandani.

Naomba majibu ya maandishi ndani ya siku 30. Kama kuna ambalo haliwezekani, liandikwe kwamba haliwezekani na kwa nini, nitalielewa kuliko kuambiwa linafanyiwa kazi. Niko tayari kuitwa kwenye kikao cha bodi siku yoyote isipokuwa mwisho wa mwezi, tunapofunga hesabu. Nitakuja na daftari la kaunta, kadi ya kliniki, na risiti zote nimezipanga kwa tarehe. Mama naye ameomba aje. Anasema ataleta unga wa kimea, awaonyeshe.

Wenu mtiifu,

Binti wa mgonjwa wa kitanda namba 14, wodi ya wanaume

Nakala:
Mganga Mkuu wa Mkoa
Afisa Lishe wa Mkoa
Sista wa zamu ya usiku, kwa shukrani